Ndege ya Baa ya Connie

2 Machi

Mvua ya itumba, yaani masika, imeingia leo, na kama kawaida mabati ya jengo letu hapa Kimisagara yametunyima kusikilizana. Rwema alikuwa akinieleza jambo kwa mikono. Nikacheka, akanuna, kisha naye akacheka.

Naanza kuandika kwa sababu kazi imekuwa kubwa na nataka baadaye nikumbuke ilivyokwenda. Tuko wawili. Mimi nachonga umbo la ndege kwenye kompyuta, kuanzia mabawa hadi skrubu. Rwema anaandika mifumo yake: mafuta, umeme, joto la injini. Tukimaliza, mtu yeyote duniani mwenye simuleta, ile programu ya kuigiza urubani, ataweza kuinunua na kuirusha akiwa sebuleni kwake. Ndege za juujuu zimejaa mtandaoni, tena za bure. Sisi tunataka ile ambayo rubani wa kweli akiikalia atapapasa kutafuta mkanda wa kiti.

Tumechagua ndege ya zamani, ya injini mbili za pangaboi, inayobeba abiria tisa. Sisi wenyewe tunaiita Musambi, yaani korongo. Mdogo wangu Ntare anarusha ya aina hiyo kule Mwanza kwa kampuni ndogo ya ndege za kukodi, naye ndiye anayeturekodia sauti zake zote, hadi mlio wa mlango. Na nyingine iko hapahapa Kigali, imekufa siku nyingi, imekaa kwenye bustani ya baa ya Connie kule Kicukiro. Watu wanakula mishikaki chini ya bawa lake.

5 Machi

Nimeshinda kwa Connie na futi ya kupimia na kamera. Connie alikulia Kampala, ana sauti ya kuita mhudumu aliye mtaa wa pili. Ndege aliinunua kama chuma chakavu, akaipaka rangi.

“Pima, sha, pima,” aliniambia. “Lakini usinikimbizie wateja.”

Wateja ndio walionikimbiza mimi. Kila nilipotoa kichwa tumboni mwa ndege, mmoja aliuliza kama nimemkuta rubani. Inasemekana alikuwa amelewa alipoiangusha. Hapo baa wana desturi: chupa ya kwanza wanainyanyua wakisema, “Kwa afya ya rubani!” Nami nikainyanyua soda yangu.

Ndani ya tumbo, chini ya sakafu, kuna tanki la nyongeza ambalo ndege nyingi za aina hii hazina. Lilifungwa na karakana fulani iliyokwisha kufa, kwa ajili ya safari ndefu, nalo linalisha injini zote mbili. Ntare anasema yake inalo pia, na lilifungwa na watu walewale. Nimeingiza kamera ya waya, nikapiga picha kila pembe. Rwema atafurahi.

6 Machi

Mvua. Kazi. Mvua.

12 Machi

Tumempata mshauri. Rwema alitangaza kwenye kundi la simu la kanisani kwao kwamba tunamtafuta mtu aliyewahi kurusha ndege hizi, na leo akaja mzee mrefu, kofia mkononi, viatu vimefutwa matope kabla hajabisha hodi. Anaitwa Melchior. Ni Mnyarwanda aliyekulia Bujumbura, na Kiswahili chake ni cha huko.

Nilimwekea sauti za Ntare. Akafumba macho.

“Hii moteri ya kushoto iko inachoka,” akasema. “Mwambie huyo kijana atazame plagi.”

Nikampigia Ntare. Kumbe wiki iliyopita fundi alibadilisha plagi za kushoto!

19 Machi

Mzee Melchior huja kila siku ya pili. Anamsahihisha Rwema kwa upole, na Rwema, ambaye mimi nikimsahihisha hununa mpaka jioni, anamjibu “ndiyo mzee” kama mtoto wa shule. Nilipendekeza twende wote kwa Connie akaione ndege yenyewe. Alisema magoti yanamsumbua. Lakini ngazi zetu anazipanda bila shida.

27 Machi

Leo Musambi imeruka kwa mara ya kwanza, na imeanguka.

Mimi ndiye niliyekuwa kwenye usukani. Iliacha ardhi vizuri, nikainua pua, nikaona vilima vikishuka, nikapiga kelele za furaha. Kisha injini zikanyamaza. Si moja, zote mbili kwa pamoja, kama mtu aliyezibwa mdomo. Geji ilisema mafuta yapo. Tukaingia kwenye kilima.

“Hitilafu ndogo,” Rwema akasema. “Kesho nitaimaliza.”

28 Machi

Haikuisha.

31 Machi

Bado. Rwema ameandika upya mfumo mzima wa mafuta. Ndege inaruka kama malaika ikitumia matanki ya mabawani. Ukigeuza koki kwenye tanki la tumboni, nalo likiwa na mafuta kidogo, ukiinua pua tu, kimya. Ukishusha pua, zinakohoa na kuwaka.

3 Aprili

Bado. Kila nikisikia kile kimya nashika kiti, ingawa najua ni kompyuta. Tumemficha mzee jambo hili, Rwema anaona aibu.

7 Aprili

Leo ni kumbukumbu ya mauaji ya kimbari, mji umenyamaza. Hatukufanya kazi.

11 Aprili

Tumegombana. Rwema amesema hesabu zake ni safi, kwa hiyo kosa ni langu. “Mchoro wa karakana aliotutumia Ntare unaonyesha tanki lina midomo miwili ya kutolea mafuta, wa mbele na wa nyuma. Wewe umechonga mmoja. Wa nyuma uko wapi, Mukunde?”

“Nimechonga nilichokiona.”

“Basi hukuona.”

Nilimwambia avae koti. Tulikwenda Kicukiro na mvua yetu, tukatambaa tumboni mwa ndege huku wanywaji wakituimbia. Nikasukuma kamera ndani ya tanki, nikampa skrini aangalie mwenyewe.

Mdomo wa nyuma upo. Umezibwa kwa boliti.

Tukatazamana tumelala kifudifudi kwenye kutu. Rwema ndiye aliyetangulia kuelewa, nikaona uso wake unabadilika. Ndege ikiinua pua, mafuta yanakimbilia nyuma ya tanki. Nyuma kumezibwa. Mdomo wa mbele unabaki hewani, unavuta upepo. Geji inaona mafuta, injini hazionji hata tone.

“Mana yanjye, Mungu wangu,” akasema. “Si hitilafu. Tumeitengeneza sawasawa.”

Juu yetu mtu akanyanyua chupa kwa afya ya rubani. Nilitoka pale nikaenda kusimama kwenye mvua.

13 Aprili

Nitaandika kama ilivyotokea.

Mzee Melchior alikuja mchana. Rwema hakutaka kumweleza kwa maneno, akamwambia, “Mzee, kaa, ruka, utuambie unahisi nini.” Akaweka mafuta kidogo kwenye tanki la tumboni, koki imeelekea huko. Mzee akakaa. Hata hakutazama swichi, mikono ilikwenda yenyewe. Akaruka kutoka Kigali, akainua pua.

Injini zikanyamaza.

Hakushtuka kama sisi tulivyoshtuka. Aliishusha pua taratibu, akageuza ndege kushoto, na kwa sauti ya chini, kwa Kifaransa, akawa anawaambia watu wainamishe vichwa. Hapakuwa na watu nyuma yake, ni mimi na Rwema na ukuta. Akaishusha kwenye kinamasi kilicho bondeni. Kioo kikawa cheusi. Akainuka, akachukua kofia, akateremka ngazi. Nilimkuta chini, mbele ya karakana ya wachomelea vyuma, mvua inampiga na kofia iko mkononi.

“Mzee, nini?”

“Mmepata wapi hiyo?” akaniuliza. “Nani aliwaambia?”

“Hatukuambiwa na mtu. Ni ndege ya Connie. Tanki lake limezibwa nyuma kwa boliti.”

Akanishika kiwiko kwa nguvu, nikaogopa.

“Imezibwa?”

“Imezibwa, mzee. Nimeona kwa macho yangu.”

Akakaa chini palepale, kwenye tope, mtu ambaye hufuta viatu kabla ya kubisha hodi. Vijana wa karakana wakazima mashine zao.

Ni yeye. Yule rubani wa baani ni yeye. Alikuwa anakwenda Bujumbura na abiria sita, kampuni ikamwambia atumie kwanza mafuta yaliyobaki tumboni. Injini zikafa, akailaza kwenye kinamasi. Watano na yeye walitoka. Wa sita, mwalimu kijana aitwaye Iteka, hakutoka. Alikuwa amekaa nyuma ya kiti cha mzee, na kabla ya kuruka alimuuliza kama watapita ndani ya mawingu, maana hajawahi kuyaona kwa karibu. Tanki lilikutwa na mafuta, kwa hiyo wachunguzi wakasema rubani ndiye aliyefunga koki. Kisha mtu akasema alinukia pombe.

“Mimi sinywi,” akasema mzee. “Hata nilipokuwa kijana. Lakini sikujua kilichotokea, binti yangu. Miaka yote hii nimejiuliza kama mkono wangu uligusa ile koki bila mimi kujua. Mtu akiambiwa jambo kila siku, anaanza kulikumbuka.”

Nikamuuliza kwa nini hakutuambia.

“Mngenipa kile kiti?”

14 Aprili

Nimeamka na jambo moja kichwani, na sijui jana lilikuwa wapi. Ndege ya Ntare ina tanki hilohilo, la karakana hiyohiyo.

Nimempigia, nikamweleza kuhusu boliti bila kumtaja mzee. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka. “Dada, ndege hii imeruka miaka. Tanki la tumbo tunalitumia safari ndefu tu, na tunalijaza. Unataka nimwambie bosi asimamishe ndege kwa sababu gemu yako imezima?”

“Fungua kifuniko uangalie.”

“Hicho hakifunguliwi bila fundi, na fundi hafungui bila bosi. Tulia, dada.”

16 Aprili

Amemwambia bosi wake. Bosi ameuliza kama siku hizi ndege zinakaguliwa na wacheza gemu.

18 Aprili

Hapokei simu yangu. Ametuma picha ya kidole gumba na uso unaocheka. Nimemtumia picha ya boliti. Kimya.

19 Aprili

Mvua imebomoa ukuta wa jirani. Sijachonga kitu wiki nzima. Rwema ananiletea chai bila kuombwa, ndivyo nilivyojua kwamba naye anaogopa.

22 Aprili

Ntare amekuja Kigali! Ameleta watalii, na kesho anarudi Mwanza bila abiria. Alifika Kimisagara mchana, amevaa shati lake jeupe la mabega yenye mistari, mzima, mnene kidogo. Nilimkumbatia mpaka akasema namkunjia shati.

Nikamkalisha kwenye simuleta. Ilimchukua dakika chache tu kuanza kutabasamu. “Aisee, dada. Hata ile swichi inayogoma mmeiweka.” Akaruka. Nikamwambia ageuze koki kwenye tanki la tumbo, ainue pua. Injini zikanyamaza.

Tabasamu likaondoka. “Hii mmeitengeneza hivi.”

“Tumeitengeneza ilivyo ile ya Connie.”

“Mmeweka boliti kwenye kompyuta, kwa hiyo inaanguka. Niambie niweke tembo, nitaona tembo.”

Mlango ukafunguka, mzee Melchior akaingia. Sikujua kama angekuja leo. Rwema, kwa heshima, akamtambulisha kwa jina kamili na kusema aliwahi kurusha ndege hizi. Ntare akaanza kunyoosha mkono, kisha mkono ukasimama njiani.

“Melchior wa Bujumbura? Wewe ndiye yule mlevi?”

Nilisikia Rwema akivuta pumzi.

“Mwalimu wetu wa urubani alitufundisha habari zako,” Ntare akaendelea, na sauti sasa ilikuwa ya aibu na hasira pamoja. “Wewe ndiye mfano. Mtu aliyejifungia mafuta mwenyewe.”

“Ndiyo mimi,” mzee akasema. “Mtoto wangu, usiniamini. Sikuombi hivyo. Hiyo ndege ni yako, itazame tu.”

Ntare akanigeukia. “Kwa hiyo huyu ndiye anayekujaza maneno? Dada, anatafuta wa kumsafisha, na amekupata wewe.” Akachukua kofia yake. Nikamfuata mpaka barabarani nikimwita. Akapanda pikipiki bila kugeuka.

Niliporudi, mzee alikuwa amekaa, mikono juu ya magoti.

“Usimkasirikie,” aliniambia. “Hata mimi nilijiamini, tena kidogo kuliko yeye. Na tazama kilichonipata.”

23 Aprili

Naandika na simu iko mapajani.

Asubuhi nilisikia sauti ya ndege juu ya mji na nikajua ni yake, ile sauti nimeisikiliza kwa miezi. Nilitoka nje. Mawingu yalikuwa chini, sikuiona. Ikafifia kuelekea mashariki. Nikakaa na Rwema. Nilijiambia: anatumia matanki ya mabawani, yuko sawa, yuko sawa.

Kisha nikaisikia tena, inarudi. Lakini haikuwa sauti yake. Ilikuwa ya injini moja.

Rwema alinishika kabla sijafika kwenye ngazi. Tukapanda pikipiki mbili kwenda uwanja wa ndege, mvua usoni. Sikuomba, sikulia, nilikuwa nahesabu vilima tu. Walituzuia getini. Nikakaa kwenye ukingo wa barabara, na hapo simu ikaita.

“Dada.”

Nikaibana simu sikioni.

“Dada, niko chini. Nimetua.” Meno yake yalikuwa yanagongana, niliyasikia. “Nilitaka nikuonyeshe kwamba ni upuuzi. Nikapanda juu kabisa, mbali na milima, niko peke yangu, nikageuza koki. Nikainua pua. Zilizima zote mbili. Dada, zote mbili, kama kwako. Kama kwako kabisa. Hata ule mkohozo wa mwisho. Nikarudisha kwenye mabawa, nikashusha pua, ya kulia ikawaka. Ya kushoto ilikataa.”

“Uko mzima?”

“Mzima. Nimekaa chini ya bawa.” Kisha akasema, “Nipe namba ya mzee.”

24 Aprili

Mafundi wa hapa wamefungua kifuniko. Boliti ipo. Inaonekana karakana iliziba mdomo wa nyuma kujaribu kama tanki linavuja, kisha wakasahau kuitoa. Wamesahau mara mbili, kwenye ndege mbili. Kitu kisichozidi urefu wa kidole changu.

Ndege imesimamishwa. Wakaguzi wamekuja kutuuliza maswali, wakataka kuona simuleta. Mmoja alijaribu mara tatu, na kila zikinyamaza alifuta jasho.

26 Aprili

Ntare alikwenda kwa mzee, mimi nikiwa nyuma yake. Mzee anakaa chumba kimoja, safi. Ntare alikuwa ameandaa maneno njia nzima, nilimsikia akiyanong’ona. Mlango ulipofunguliwa hakupata hata moja. Akashuka magotini pale kizingitini na shati lake jeupe.

Mzee akababaika kama aliyemwagiwa maji. “Oya, oya, inuka! Iko matope hapo!” Akamvuta ndani, akamkalisha kitandani, na badala ya kuzungumzia yaliyopita akamuuliza ilichukua muda gani injini ya kulia kuwaka, na kama ilikohoa kabla. Wakaongea injini mpaka chai ikapoa. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni.

2 Mei

Connie amekuja mwenyewe Kimisagara, bila sauti yake. Hakujua kwamba kuna mtu alifia ndani. Ameifunga bustani na anauliza ndugu za Iteka wako wapi. Mzee anawajua. Kumbe kila mwaka huwa anakwenda hadi mtaani kwao, anasimama mbali kidogo na nyumba yao, halafu anarudi. Hajawahi kubisha hodi.

9 Mei

Ripoti ya ajali ile inafunguliwa upya. Mzee aliposomewa barua alisema “asante” na kuomba maji.

Ntare amefukuzwa kazi kwa kugeuza koki bila ruhusa. Analala kwenye kochi letu na kuchambua kazi yangu. Eti ribiti zangu, zile pini za bodi, zinang’aa mno.

15 Mei

Rwema ameuliza tuiuze Musambi na boliti au bila. Tukamtazama mzee. Akafikiri, akasema, “Bila. Watu wanunue ndege nzima.”

21 Mei

Mvua imepungua. Leo asubuhi jua limetoka moja kwa moja bila kujadiliana.

Mzee Melchior alikuja na suti. Alisema ana ombi, kama hatuoni ni upuuzi: anataka kwenda Bujumbura. Kigali hadi Bujumbura, safari yote, bila kukata hata kipande. Rwema akatoa boliti kwa mkono wake mwenyewe, yaani akafuta mstari mmoja. Mafuta tukayaweka kama yalivyokuwa siku ile, kidogo, tumboni.

Ntare akavuta kiti cha pili. “Niwe msaidizi wako, mzee?”

“Soma orodha.”

Ntare akasoma, mzee akajibu. Wakaruka. Pua ikainuka. Injini zikaendelea kunguruma. Zikaendelea. Vilima vikashuka, kinamasi kikapita chini ya bawa la kushoto, mzee hakukitazama. Tulipoingia kwenye mawingu alipunguza mwendo kidogo, hapakuwa na haja, na akakaa humo kwa muda, nadhani kwa ajili ya Iteka. Niliyachonga mawingu hayo? Hapana, yanatoka kwenye simuleta. Lakini sikuwahi kuyatazama.

Hakuna aliyezungumza isipokuwa wao wawili, kirubani. Ziwa likatokea, kisha mji, kisha njia. Alitua kwa ulaini kiasi kwamba sikujua magurudumu yamegusa lini. Akaegesha. Akazima injini moja baada ya nyingine kwa mkono wake, na pangaboi zikazunguka polepole hadi zikasimama.

Ndipo akajigeuza kitini, akatazama nyuma, kule kwenye ukuta wetu wenye unyevu.

“Tumefika,” akasema. “Mshuke polepole, ngazi iko na maji.”

Nilishtuka nikageuka. Rwema alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake cha chai, na bila kufikiri alisogea pembeni, akawapisha abiria.